Shela la Mfereji wa Dalmas

Hebu jibu bila kuzunguka: kitambaa kile ulichofunga kwenye mdomo wa mfereji wako, mara ya mwisho ulikifua lini?

Nyamaza tu, si lazima useme mbele za watu. Lakini usimcheke Dalmas Ogola kabla hujatoka uani kwako ukakifungua na kukitazama ndani. Dalmas hakuwa mjinga. Alikuwa muuza maji wa Manyatta, mjini Kisumu, mtu mrefu mwenye sauti ya kuweza kuirudisha feri iliyokwisha kung'oa nanga, na kama kuna mtu aliyeyapenda maji safi katika mtaa ule, ni yeye. Shida ni kwamba aliyapenda kama alivyofundishwa na mama yake, na somo lenyewe alilisikia nusu.

Alizaliwa nyuma ya Katito, kule tambarare, ambako mvua ikinyesha nchi nzima ni ziwa na ikikoma nchi nzima ni vumbi. Maji ya kunywa yalitoka kwenye bwawa la ng'ombe. Mama yake alikuwa na kipande cha leso kuukuu. Alikitandaza juu ya mdomo wa chungu, akamimina maji polepole, na Dalmas mdogo alipewa kazi ya kuwaokota viluwiluwi waliobaki juu ya kitambaa na kuwarudisha kwao bwawani. Siku moja, kwa kiu, alitaka kuinamia ndoo moja kwa moja. Mama alimshika sikio.

"Unataka kunywa maji uchi? Hata adabu huna?"

Dalmas hakulisahau neno hilo. Alichosahau ni kwamba kila jioni mama yake alikifua kile kitambaa kwa sabuni na kukianika juani juu ya ua wa miiba. Sehemu hiyo ya somo ilimpita. Alikuwa na viluwiluwi wa kushughulikia.

Alipokuwa kijana alishuka Kisumu, akabeba magunia gatini mpaka mabega yakawa kama mlango, akampenda fundi wa cherehani aitwaye Lornah, na wakafunga ndoa kanisani Kaloleni. Lornah alijishonea shela mwenyewe. Lilikuwa jeupe, refu hadi kiunoni, lina ukingo wa maua madogo aliyoyatia kwa sindano ya mkono, ua baada ya ua, akishamaliza nguo za wateja. Watu wa Kaloleni walikuja kwenye harusi kumtazama bibi arusi wakaondoka wakilizungumzia shela. Baada ya harusi alilikunja, akaliweka kwenye sanduku la bati pamoja na majani ya mwarobaini, na kila baada ya muda alilitoa, akalitazama, akalirudisha.

Halafu bomba likafika Manyatta.

Ilikuwa siku ya vifijo. Dalmas alikuwa amepewa kibanda cha kuuza maji, na mtaa mzima ulipanga foleni na madebe, ndoo na sufuria. Fundi wa idara ya maji akafungua. Mfereji ukakohoa, ukatema hewa, ukatema tena, kisha yakatoka maji ya rangi ya chai. Ni jambo la kawaida kwa bomba jipya, lina mchanga na kutu ya safarini, ukiliacha litiririke kidogo linajisafisha. Lakini nani angengoja siku ile?

"Yawa, Dalmas!" alipiga kelele Mama Maximilla, kiongozi wa kwaya na mteja mkali kuliko wote. "Umetuita kunywa chai bila maziwa?"

Watu wakaangua kicheko. Dalmas aliona kazi yake mpya ikizama kabla ya adhuhuri. Alimgeukia mkewe kwa macho ya mtu anayezama, na Lornah, kwa kumhurumia, alikimbia nyumbani kutafuta kitambaa. Kitambaa cheupe na safi kilichokuwa karibu kilikuwa kimoja tu. Alirudi amelishika shela kifuani.

"Leo tu, Baba Akoth," alimwambia mumewe, kwa jina la mtoto wao. "Unasikia? Leo tu."

"Nitakurudishia kesho," Dalmas akasema, huku tayari akilikunja mara nne na kulifunga kwa kamba.

Maji yakatoka meupe. Vigelegele vilisikika mpaka Kondele. Siku hiyo Dalmas aliota mbawa. Kesho yake wateja walikuja wakiulizia yale maji ya shela, naye akaona si vyema kuwavunja moyo. Kesho ya pili ikawa hivyo hivyo. Wanawake wakauita mfereji ule Bibi Arusi. "Twende kwa Bibi Arusi," walisema, wakiipita mifereji mingine iliyofungwa matambara ya kawaida. Dalmas aliosha kibanda, aliosha sakafu, alipaka ukuta rangi ya samawati. Shela hakuligusa. Unamfuaje bibi arusi? Kila lilipoanza kuonekana la kijani kwa nje, alilipanguza kidogo kwa kidole na kuendelea kuimba.

Miaka ikapita. Kila alipopita pale na ndoo yake, Lornah aliutazama ule mfereji kwa muda mrefu kidogo kuliko mtu anavyotazama mfereji, akaondoka.

Mwaka 1986 ukaja na masharti mapya ya maji ya kunywa, na hapa naomba usimame kidogo, kwa sababu habari hii haikupigiwa ngoma inavyostahili. Kabla ya hapo maji yalipimwa pale yanapotengenezwa, yangali na dawa yake yote, yakaonekana mazuri, na kila mtu akaenda kunywa chai. Nani aliyefuatilia yalivyofika mwisho wa bomba? Masharti mapya yakasema: mfuateni mnywaji. Yapimeni maji pale anapoyakinga, kama anavyoyakinga, awe Milimani kwenye bustani ya maua au Manyatta kwenye matope. Fikiria! Mdomo wa mtoto wa Manyatta umewekwa mizani moja na mdomo wa mkubwa yeyote! Mtu anaweza kucheza barabarani kwa furaha kwa ajili ya sentensi kama hiyo.

Aliyetumwa kuitembeza sentensi hiyo Manyatta alikuwa Wamucii, msichana wa maabara ya idara ya maji, mzaliwa wa Nyeri, mfupi, mcheshi, anayeendesha baiskeli yenye sanduku la chupa kana kwamba amebeba mayai. Alikinga maji ya Dalmas kwenye chupa moja kama wateja wanavyokinga. Chupa ya pili aliijaza nyuma ya kibanda, bombani, kabla maji hayajafika kwenye shela. Siku iliyofuata alirudi na vichupa vidogo viwili.

"Mzee Dalmas, tazama. Jana vyote vilikuwa na dawa ya zambarau. Kukiwa na vijidudu vya uchafu wa tumboni, zambarau inageuka njano. Hiki ni cha bombani."

Kilikuwa zambarau safi, kama maua ya jakaranda.

"Na hiki ni cha mdomoni."

Kilikuwa njano kama yai.

"Hiyo rangi ni ya jua," Dalmas alisema.

"Si ya jua, Mzee. Ni hicho kitambaa. Maji yanafika kwako yakiwa salama, wewe unayapitisha kwenye uchafu."

Foleni yote ikavuta pumzi. Kitambaa! Uchafu!

"Nyathina," alisema Dalmas, akimwita mwanangu kwa Kijaluo ili amkumbushe heshima, "hilo ni shela la harusi. Lilibarikiwa na kasisi."

"Kasisi alilibariki likiwa kichwani, Mzee. Hakujua litaishia hapa."

Hata waliokuwa upande wa Dalmas walicheka. Wamucii akaeleza kwa upole kwamba sharti halina mzaha: mfereji utapimwa tena, na tena, na vichupa vikigeuka njano mara ya tatu, kibanda kitatiwa mnyororo. Hapo kicheko kilikatika. Mifereji mingine yenye matambara nayo ilikuwa kwenye orodha ya Wamucii, kwa hiyo mnyororo ulikuwa na maana moja tu, kurudi kwenye visima vya Manyatta vilivyochimbwa bega kwa bega na vyoo, maji ambayo hata mbuzi aliyakubali baada ya kufikiri.

Dalmas hakulala vizuri. Lakini moyo wake haukuweza kukubali kwamba kitambaa kinachafua. Kitambaa kinasafisha! Tangu lini nguo ikachafua maji? Akafikia uamuzi wa mtu anayempenda mama yake: kama kitambaa kimoja hakitoshi, basi viongezwe. Juu ya shela alifunga fulana yake ya Jumapili. Juu ya fulana alifunga kipande cha mwavuli. Mfereji ukawa na kichwa kikubwa kama mtu aliyeumwa na jino, na maji yakatoka kwa kudondoka.

Wamucii alipouona alilazimika kushikilia baiskeli ili asianguke kwa kicheko.

"Mzee, sasa umemvalisha koti?"

"Pima," Dalmas akasema, amekunja mikono.

Alipima. Kichupa kiligeuka njano mapema kuliko cha kwanza, na kikatoa mapovu.

"Mbili," alisema Wamucii, na safari hii hakucheka. "Ya tatu ni Jumamosi. Tafadhali, Mzee. Nimewaambia wakubwa wangu kwamba Manyatta mtaelewa. Usiniangushe."

Wiki hiyo mtaa ulikuwa kama mzinga uliopigwa jiwe. Wengine walisema toa. Wengine, na Mama Maximilla mbele yao, walisema hawatakunywa maji uchi, wataenda mfereji mwingine ulio na adabu. Hapo ndipo palipombana Dalmas: akiliacha shela, serikali itafunga; akilitoa, wateja watahama. Aliwaza mpaka akapunguza kuimba, jambo lililowatisha watoto.

Jumamosi ilikuwa pia siku ya harambee ya mabati ya kanisa, kwenye uwanja ule ule wa kibandani. Kulikuwa na bendi ya benga, gita la mbele likilia kama ndege aliyeiba asali, na kwa kuwa ni benga, kulikuwa na pakruok. Usipoijua, ni hivi: mtu yeyote anaweza kutupa sarafu kwenye sinia, muziki ukasimamishwa, naye akajisifu mbele ya watu wote kwa maneno matamu kadiri ulimi wake unavyoweza. Akimaliza, muziki unarudi. Hakuna kumkatiza. Ukitaka kumjibu, tupa sarafu yako na wewe.

Wamucii alifika na sanduku lake jua likiwa bado kali. Dalmas alipomwona alitupa sarafu.

"Simamisha gita!"

Gita likanyamaza.

"Mimi Dalmas! Mwana wa Nyakach, mjukuu wa wenye ng'ombe wasiohesabika! Mimi niliyeivalisha Manyatta shela wakati miji mingine inakunywa uchi! Nina bibi arusi asiyezeeka, mnamkimbilia asubuhi na jioni, na hakuna anayemtoa nguo mbele yangu! Pigeni!"

Uwanja ukalipuka. Mama Maximilla alizunguka akicheza, mkono kiunoni. Gita likapiga kama limewashwa moto. Dalmas alikuwa mshindi kwa muda wa wimbo nusu.

"Simamisha gita!"

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Watu waligeuka. Lornah, ambaye hajawahi kujisifu hadharani tangu azaliwe, alikuwa ameweka sarafu kwenye sinia taratibu kama anayeweka sadaka.

"Mimi Lornah," alianza. "Nyar Kano, binti wa Kano, wa wavuvi wa ziwani. Mimi niliyeshona maua ya shela hadi vidole vikatoa damu, Kaloleni ikasimama kunitazama!"

"Sema, mama!" akaitikia mpiga gita.

"Mimi ni mke mwenye nyieka. Ndiyo! Nina mke mwenza. Mke mwenzangu ni wa chuma! Hapiki, hafagii, anatema mate mchana kutwa, na bado mume wangu anamwimbia!"

Watu walianza kuanguka mmoja mmoja kwa kicheko. Mpiga ngoma aliangusha fimbo zake.

"Amevaa shela langu miaka yote. Niliambiwa nitarudishiwa kesho. Nimengoja hiyo kesho nikipita hapa na ndoo. Mimi Lornah, mwenye subira kuliko ziwa! Leo nimekuja kumvua mke mwenzangu nguo yangu. Kesho yangu imefika. Pigeni!"

Hakuna aliyepiga. Mpiga gita alikuwa akifuta machozi kwa shati. Watu wote walimtazama Dalmas, na Dalmas, kwa mazoea, alitia mkono mfukoni kutafuta sarafu ya kujibu. Aliipata. Aliishika. Alikuwa anamwona Lornah amelishika shela kifuani siku ile ya maji ya chai, akisema leo tu, na kwa mara ya kwanza alisikia kwamba lile lilikuwa ombi.

"Nyieka amekushinda, Dalmas!" Mama Maximilla alipaza sauti. "Ama ni Lornah aliyeshinda? Hata sijui nimpigie nani kigelegele!"

Dalmas alirudisha sarafu mfukoni, akatembea hadi mfereji. Alifungua mwavuli, akafungua fulana. Fundo la shela lilikuwa limekuwa gumu kama kokwa. Alilifungua kwa meno. Likamtoka mkononi likaanguka sakafuni kwa kishindo cha kitu kizito, likafunguka.

Foleni ya mbele ikarudi nyuma. Ndani ya mikunjo kulikuwa na ute wa kijani, mchanga, harufu ya chini ya gati, na konokono mdogo aliyetoa pembe zake akiwatazama kama mpangaji aliyeamshwa bila taarifa.

"Na huyo?" mtu akauliza. "Naye alibarikiwa na kasisi?"

Kicheko kilichofuata kilisikika, wanasema, hadi upande wa ziwa. Dalmas mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha ghafla. "Mama alikuwa akifua," alisema, kama anayejiambia. "Kila jioni. Alikuwa akikifua!"

Wamucii hakuwa na muda wa kupoteza. Alimpa brashi na dawa ya klorini, Dalmas akasugua mdomo wa mfereji ndani na nje kama anayemsugua mtoto mkaidi masikio, maji yakaachwa yatiririke, kisha chupa ikakingwa, bila nguo yoyote, mbele ya mashahidi wengi kuliko wa harusi.

"Majibu kamili huchukua muda," Wamucii aliwaambia. "Lakini hizo nyingine ziligeuka njano kabla ya chai ya asubuhi. Kesho nikienda kanisani nitapitia maabara, kisha hapa."

Asubuhi iliyofuata Dalmas alifika kibandani kabla ya wateja. Mfereji ulionekana mwembamba, umechongoka, kama shingo ya kuku aliyenyonyolewa, na alijikuta akitazama pembeni kwa aibu. Foleni ilipojaa hakuna aliyekinga. Walisimama na ndoo tupu, wamevaa nguo za Jumapili, wakiitazama barabara.

Baiskeli ilitokea pale kwenye kona. Wamucii alikuwa na gauni la maua na kofia, na mkono mmoja ulikuwa juu angani ukishika kichupa. Hakuhitaji kusema. Jua lilikuwa nyuma yake, na kile kitu mkononi kilikuwa zambarau, zambarau tupu, zambarau ya kwaresma na jakaranda. Alikuwa anapiga kengele kama wazimu.

Dalmas alirusha kofia yake juu ikashukia paa la kibanda na kubaki huko. Mama Maximilla alisukuma watu wawili, akainama chini ya mfereji ule ule aliokataa, akafungua, akanywa kwa kiganja, akafikiri.

"Uchi," alitangaza, maji yakimtiririka kidevuni. "Lakini ni mtamu, shetani huyu!"

Wakati watu wakigombania kukinga, foleni ilianza kupasuka kwa nyuma, polepole. Dalmas aliinua macho. Lornah alikuwa anakuja barabarani. Alikuwa amelichemsha shela, akalisugua, akalianika juu ya ua mpaka asubuhi, na halikurudi jeupe kama zamani. Lilikuwa la rangi ya maziwa yenye chai kidogo, na kona moja ilikuwa na alama ya kamba isiyotoka. Alikuwa amelivaa kichwani. Maua madogo yalimshukia mabegani, na juu ya shela, kwenye kata, alikuwa amebeba ndoo.

Alitembea hatua za bibi arusi hadi mbele ya mfereji, hakumtazama mke mwenzake hata kidogo, akashusha ndoo.

"Jaza, Baba Akoth," alisema. "Nimechelewa kanisani."